Chumba cha Kulia Kilichongoja Miaka Arobaini na Mitano

Watu wengi hudhani ya kuwa chumba cha kulia hupendeza kwa sababu ya fedha iliyotumiwa humo. Mtu akipita mbele ya duka huko Nyeri, akaona meza ya kioo na viti vinane vimeizunguka kama askari wa gwaride, hurudi kwake na huzuni, na nyumba aliyoiacha asubuhi ikiwa nzuri huiona jioni kuwa duni. Karani mmoja wa serikali ya kaunti, mwenyeji wa Gakindu upande wa Mukurwe-ini, alirudi na huzuni ya namna hiyo mwezi wa Machi 2023. Naye alikuwa na sababu. Binti yake mkubwa alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa wameomba kuja mwezi wa Desemba kuzungumza mambo ya ruracio. Habari zilikwisha kufika ya kuwa wakwe hao hukaa katika nyumba ya orofa karibu na Karatina, na habari za namna hiyo hufika upesi kuliko barua.

Nyumba ya karani ni ya mawe, nayo ilijengwa na marehemu baba yake. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda ulimwenguni kote, na ilipofika 1977 wakulima wa Nyeri wakashika fedha ambayo hawakupata kuishika kabla. Wengine walinunua magari. Mzee huyu alinunua mawe. Ujanani alikuwa mwandalizi wa meza katika hoteli moja ya Wazungu, na kwa kusimama miaka mingi nyuma ya viti vya watu walao, alijiapia ya kuwa na yeye siku moja atakuwa na chumba cha kulia. Nyumba ilipokwisha, mwaka 1978, chumba hicho kilikuwamo, kati ya sebule na mlango wa uani. Fedha ya kukitia meza ndiyo haikuwamo.

Basi mzee alingoja mavuno mengine mema. Alingoja sana. Mwaka 1989 mapatano ya nchi zilizokuwa zikigawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na chumba kikatiwa magunia ya maharagwe, mbolea, bomba la kunyunyizia dawa mibuni, na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Mzee alifariki mwaka 2015 pasipo kula chakula hata kimoja humo.

Ni haki kusema hapa ya kuwa kukosa chumba cha kulia si kukosa adabu. Katika boma la Wagikuyu wa zamani mwanamke alikuwa na nyumba yake yenye mafiga, na mwanamume alikuwa na thingira yake, na chakula kilitoka kwa mwanamke kikamfuata mgeni mahali alipoketi. Desturi ya kuwa na chumba kizima kwa ajili ya kula tu ililetwa na wamisheni na masetla, ikafuatwa kwanza na walimu, makarani na wapishi wao. Mama wa karani, ambaye sasa ana miaka karibu themanini, alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, watu walipohamishwa kwa nguvu kutoka mashambani mwao na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Huko familia nzima ilikula, ililala na iliuguza wagonjwa wake chini ya paa moja la nyasi. Kwake yeye mahali pa kulia ni pale moto ulipo.

Bwana karani alitaka kukopa katika chama cha akiba anunue ile meza ya kioo na viti vyake. Bei yake ilizidi shilingi laki moja. Bibi yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba watoto, meza hiyo tutakuwa tukiilipa hata wajukuu watakapokuwa wamekwisha kuivunja." Akamkumbusha karo ya kijana wao aliye kidato cha tatu. Wakakubaliana kutumia shilingi elfu thelathini, isizidi hata moja, na bibi akaishika yeye mwenyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa la bwana. Alinunua kwa shilingi elfu tatu karatasi za kubandika ukutani, zenye sura ya marumaru, akazibandika usiku na usiku ili amshangaze bibi. Zilipendeza mwezi wa Mei. Mwezi wa Julai ukaja msimu wa baridi na ukungu ambao Wagikuyu huuita gathano, mawe yakatoka jasho kama kawaida yake, na asubuhi moja marumaru yote yalikutwa sakafuni yamejikunja kama maganda ya ndizi. Bibi hakusema neno. Alizikusanya akawashia jiko.

Baada ya hapo walianza upya kwa njia ambayo yafaa kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa kila mwenye nyumba ya mawe au ya mbao aweza kuifuata. Jambo la kwanza walilofanya halikugharimu kitu: walitoa. Kalenda nne, mbili za miaka iliyokwisha kupita, zilitolewa. Saa iliyokufa ilitolewa. Maua ya plastiki, ambayo hayana harufu wala kazi isipokuwa kukusanya vumbi, yalitolewa, na vile vile vitambaa vya kufuma vilivyokuwa vimefunika kila kitu hata redio. Hakuna anayedharau kazi ya mikono ya akina mama. Lakini kitambaa kimoja kizuri kikiwekwa peke yake huonekana, na ishirini vikiwa pamoja havionekani hata kimoja. Chumba kilipobaki kitupu, magunia yamehamia ghalani, ndipo walipoona kwa mara ya kwanza ya kuwa mzee alikuwa amejenga chumba kirefu chenye dirisha jema linalotazama mashariki.

Ukutani palikuwa na mlango wa zamani uliozibwa kwa mawe, ukaacha tundu lenye kina cha shubiri moja. Fundi alitaka kulijaza saruji. Bwana karani alikumbuka ya kuwa mwaka 2019 alipelekwa Lamu kwa mafunzo ya kazi, akaonyeshwa nyumba za kale za mji huo ambao tangu 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyake ni vyembamba, kwa kuwa upana wake hautoki nje ya urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Lakini katika ukuta wa chumba cha ndani wenyeji walichonga zidaka, safu juu ya safu, wakaziremba kwa plasta, na ndani yake wakaweka sahani za kaure zilizotoka China. Mgeni akiingia haoni wembamba wa chumba; macho yake huzama katika vivuli vya zidaka zile. Matajiri wa Lamu walijipatia fahari yao kwa chokaa iliyochomwa hapo hapo, pamoja na vyombo vichache vya kigeni.

Basi tundu la Gakindu halikuzibwa. Lilipigwa plasta laini, likatiwa rafu tatu, na juu ya rafu hizo pakawekwa sahani sita nyeupe, birika la enameli la marehemu mzee, na kibuyu cha uji ambacho mikono ya miaka mingi ilikuwa imekisugua mpaka kikawa na rangi ya asali. Hakikuongezwa kitu kingine, ijapokuwa bwana alijaribu mara mbili kurudisha saa.

Kuta zilikwanguliwa, nyufa zikajazwa, zikapakwa rangi ya kijani iliyoiva kama jani la mchai, toka sakafuni hata darini, na dari ikaachwa nyeupe. Walichagua rangi isiyong'aa, na sababu yake ni nzuri: rangi ing'aayo huonyesha kila kovu la ukuta, na isiyong'aa huyaficha. Bwana aliogopa chumba kisije kikawa pango. Mchana kweli kilikuwa na utulivu kidogo. Lakini walitundika mbele ya dirisha kioo kikubwa kilichotoka katika mlango wa kabati la zamani, nacho kikarudisha nuru ya asubuhi mpaka mwisho wa chumba. Usiku walitumia taa moja tu, iliyoning'inia sentimita sabini juu ya meza. Kifuniko chake ni kiondo cha mkonge kilichotoboka kitako, kikapinduliwa. Ndani yake mna balbu ya LED, ambayo haitoi joto jingi. Balbu za zamani zingeweza kuuchoma mkonge. Mwanga huanguka juu ya chakula na nyuso za watu, na kuta za kijani zikarudi nyuma gizani, hata mtu asijue chumba kinaishia wapi. Taa hiyo iligharimu chini ya shilingi elfu moja, na kwa maoni ya wengi walioiona ilifanya kazi kuliko vitu vyote vilivyonunuliwa.

Mapazia yalitoka Karatina, katika mafungu ya mitumba. Bibi alikwenda mara tatu, akachagua mahameli mazito yenye rangi ya buni mbivu, akayafua mara mbili kabla ya kuyakata ili yamalize kunywea. Fimbo yake ni bomba la maji lililopakwa rangi nyeusi, na hakuifunga juu ya dirisha pale watu wanapoifunga siku zote, bali aliipandisha karibu na dari na kuyaacha mapazia yafike sakafuni. Dirisha likawa refu pasipo kuguswa jiwe. Viti vilinunuliwa katika mnada, sita, visivyofanana hata viwili. Vilipigwa msasa vyote, vikapakwa rangi moja ya kahawia, vikashonewa makalio ya kitambaa kimoja, na upande mmoja wa meza likawekwa benchi. Havikufanana baada ya hayo, lakini vilikuwa kama ndugu.

Imebaki habari ya meza, nayo ndiyo iliyokuwa ngumu.

Mwaka ule wa 1978, nyumba ilipokwisha, mzee na mkewe walipanda migrevilea mpakani. Mti huu, ambao Wagikuyu huuita mukima, asili yake ni mashariki ya Australia, ukaletwa Afrika Mashariki kuwa kivuli cha chai na kahawa, na leo ni vigumu kupata shamba la Nyeri lisilo nao. Kwa sababu umezoeleka watu huudharau. Huutumia kwa kuni na kwa mbao za kushikilia saruji. Lakini gogo likipasuliwa kuelekea moyoni, ubao wake hutoa madoa yang'aayo kama lesi ya shela ya bibi arusi. Mvua ya masika ya 2016 iliuangusha mmojawapo, mkubwa kuliko yote. Mama aliita wapasuaji, akawasimamia yeye mwenyewe, akazipanga mbao katika dari ya ghala la kahawa, vijiti vikiwa katikati ili upepo upite. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipokataza kukata miti katika misitu yake, mbao zikaadimika, na wachuuzi wakamjia mama wakiwa na fedha mkononi. Aliwapa chai, akawarudisha.

Hakupata kusema mbao hizo ni za nini. Kila mtu nyumbani alijua, wala hakuna aliyethubutu kuuliza. Mjane wa umri huo hawekei akiba mbao saba nzuri kwa ajili ya zizi.

Bibi alijua ya kuwa mbao zile zimekauka vizuri kuliko zozote zinazouzwa. Mafundi huhesabu karibu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene, na hizi za inchi moja na nusu zilikuwa na miaka saba. Meza ya mbao mbichi hupasuka kabla mwenyewe hajamaliza kumlipa fundi. Lakini kumwomba mama mkwe sanduku lake la mwisho ni neno ambalo ulimi hauwezi kulibeba, na bwana karani aliposikia wazo hilo alikasirika kweli, akasema afadhali akope.

Haijulikani mama alisikia nini na kutoka kwa nani. Katika nyumba ya mabati sauti husafiri. Jumapili moja baada ya ibada alimwita mwanawe, akamwambia alete ngazi. Karani alizikataa mbao zile mbele yake, sauti ikimtetemeka. Mama alimtazama kwa muda. "Meza mtailia kila siku," akasema. "Lile jingine nitalilalia mara moja tu, wala hakuna atakayeniuliza ni la mti gani. Leta ngazi."

Fundi alifanya kazi majuma mawili, mikono yake imefungwa vitambaa, maana vumbi la mgrevilea huwasha ngozi za watu wengine. Ubao mmoja ulikuwa umeliwa na bungua, ukafanywa viungo vya chini. Hawakupaka vanishi ing'aayo. Waliyeyusha nta ya nyuki katika mkebe uliowekwa ndani ya maji ya moto, wakaichanganya na mafuta ya kitani, wakaisugua mezani siku tano, safu nyembamba kila siku. (Msomaji atakayeiga hili asirundike vitambaa vilivyolowa mafuta hayo, kwa kuwa huweza kushika moto vyenyewe, avitandaze nje vikauke.) Meza ilipokwisha, hesabu yote pamoja na ile karatasi ya marumaru ilikuwa shilingi 27,800.

Chumba kikawa kizuri, na majirani wakaja kukitazama kwa visingizio vya kuazima jembe. Mtu mmoja tu hakuingia. Kila jioni mama alipokea sahani yake mlangoni, akarudi nayo jikoni, akaketi kwenye kigoda chake kando ya moto. Alipoulizwa alisema sakafu ya huko ni baridi. Karani alitandika mkeka chini ya meza. Mama akausifu mkeka, akaenda jikoni. Mwezi wa Oktoba wote ulikwenda hivyo, na wa Novemba. Karani alianza kula kwa haraka na kutazama chini, kwa maana kila alipoweka kiwiko juu ya ubao ule aliona ameweka mahali pasipo pake. Usiku mmoja alimwambia bibi yake ya kuwa afadhali ile meza ya kioo.

Wakwe walifika siku waliyoahidi. Watu wengi waliketi chini ya hema uani, na wazee wa pande zote mbili wakaingizwa chumba cha kulia. Bibi alikuwa ametandika mezani kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mikono yake ya miezi minne, na pazia lilikuwa limefungwa nusu ili taa ionekane. Wageni waliingia wakinong'ona kama watu waingiao kanisani. Chakula kikaletwa. Ndipo mama wa kijana, bibi wa makamo mwenye sauti ya upole, akaweka mikono yake magotini akasema, "Hatuwezi kunyosha mkono kabla ya mwenye nyumba. Mama yuko wapi?"

Karani alikwenda jikoni. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya ibada, naye ameketi kwenye kigoda.

"Mama, wageni wanakungoja."

"Kiti cha mwisho, kilicho mbele ya dirisha, amekikalia nani?"

Karani alikuwa amejiwekea yeye mwenyewe. "Hakuna mtu, Mama," akasema.

Akainuka. Alipofika kwenye kiti hicho hakukiketia. Alisimama kando yake akingoja, na karani, baada ya kusitasita, alikivuta nyuma kwa mikono miwili, kisha akakisukuma taratibu alipokuwa akiketi, kama baba yake alivyowafanyia wageni wa hoteli. Mama alitulia. Akatia mkono chini ya ukingo wa kitambaa, akaupitisha juu ya ubao, huku na huku, mpaka vidole vikasimama mahali fulani.

"Mama watoto," akamwambia mkaza mwana wake, "kitambaa chako ni kizuri sana. Kitoe."

Sahani zikainuliwa moja moja, kitambaa kikavutwa, na nuru ya taa ikaanguka juu ya mbao. Wazee waliinama kutazama. Chini ya kidole cha mama palikuwa na fundo jeusi, kubwa kama yai, pale ambapo tawi lilikatwa miaka mingi iliyopita. Mama wa kijana aliigusa meza kwa kiganja, akauliza ilinunuliwa duka gani, Nyeri au Nairobi.

"Duka hilo liliangushwa na mvua," mama akasema, akaomba apewe chumvi.